Rangi ya Hatari

Mikono ya mahabusu ilikuwa imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, kwa hiyo Inspekta alimshikia kikombe cha chai mwenyewe.

"Polepole. Ina moto."

"Mimi ni mtu wa boila, mzee. Moto na mimi ni majirani." Akanywa. Kisha akakumbuka alipo.

Kiwandani walimwita Mgeni. Alikuwa amehamishiwa kiwanda cha nguo kutoka kiwanda cha sukari, na kabla hawajamzoea, boila ya mvuke aliyokuwa akiilinda ilipasuka, ikabomoa ukuta na kumuua fundi bomba aliyekuwa upande wa pili. Jalada lake lilikuwa mezani, na juu yake neno moja tu: HUJUMA. Kesho asubuhi mahakama ya umma ingekaa katika uwanja wa kiwanda. Kwa hujuma iliyotoa roho ya mtu, mahakama ile ilijua adhabu moja.

"Nieleze tena," Inspekta alisema.

"Nimeshawaeleza wenzako mpaka ulimi umechoka."

"Wenzangu ni wepesi wa kuelewa. Mimi nahitaji kuelezwa kama mtoto." Kituoni walimpa jina la Taratibu, na hawakuwa wakimsifu.

Mgeni alivuta pumzi. "Namba za geji, kile kipimo cha presha, zilifutika zamani kwa moshi. Zimebaki rangi mbili. Mshale ukiwa kwenye kijani, unalisha moto bila wasiwasi. Ukigusa nyekundu, mambo si mazuri. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofanya miaka yote kule kwenye sukari. Sasa siku ile naingia zamu, nakuta mshale uko chini, kwenye nyekundu."

"Chini?"

"Chini. Nyekundu chini, kijani juu. Nilishangaa kidogo, kwetu ilikuwa kinyume. Nikajiambia kila boila ina tabia yake, labda hii haitaki presha ndogo. Nikalisha moto mpaka mshale ukapanda kwenye kijani, nikaushikilia hapo. Nilikuwa najisifu, mzee. Umetulia katikati ya kijani kama paka kwenye mkeka. Halafu sikumbuki."

"Hukumuuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Mzee wa boila alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Sikukuu ya Mwenyekiti imekaribia, na ndiye mwenye sauti nzito kuliko wote."

Inspekta aliweka kikombe chini. Kwenye benchi la ukumbini alimkuta dada mkubwa wa Mgeni, mshonaji, amepakata shati lililopigwa pasi vizuri.

"Afande, nimeambiwa kesho atasimama mbele za watu," alisema. "Asisimame na shati lililoungua. Mama yetu hata kaburini ataona aibu."

"Dada, jalada linasema mna mjomba ng'ambo, na mnaandikiana."

"Mjomba? Yuko ng'ambo ya mto, hapo tu. Ananyoa watu. Barua yake ya mwisho alikuwa anadai mkasi wake."

Inspekta alifungua jalada alilolibeba, akatoa kalamu, akalikata lile fungu la mjomba kwa mstari mmoja. Kabla hajafika mlangoni alikutana na Mkuu wake, mtu wa viatu vinavyong'aa na sentensi fupi.

"Taratibu. Jalada?"

"Leo jioni, Mkuu. Nataka kuiona boila kwanza."

"Boila imepasuka. Kuna nini cha kuona?" Mkuu alitazama saa yake. "Saa kumi nitakuwa kiwandani kukagua jukwaa la mahakama ya kesho. Nitalichukua hukohuko, likiwa na sahihi."

*

Katibu wa Chama wa kiwanda alimpokea Inspekta getini. Alikuwa mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimekatika nchani, alama ya watu waliowahi kufanya kazi kwenye mashine za kusokota. Alitembea haraka, akiongea haraka zaidi.

Katika chumba cha boila ukuta mmoja ulikuwa umelala chini. Boila ya kwanza ilikuwa imefunguka kama kopo. Ya pili ilikuwa nzima, baridi, na mbele yake alisimama mzee wa boila ameshika koleo kama askari wa gwaride.

"Geji ya hii iliyopasuka iko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Haikuonekana, ndugu Inspekta. Mlipuko ule haukuchagua," Katibu alijibu. "Lakini ya pili ni ndugu yake. Tazama mwenyewe. Kijani chini, nyekundu juu, kama dunia nzima. Mtu wako anadanganya."

Ilikuwa kweli. Mshale ulilala chini kabisa. Sehemu ya chini ya duara ilikuwa ya kijani, na ya juu nyekundu. Inspekta aliitazama kwa muda mrefu hadi Katibu akaanza kukohoa.

"Mzee, rangi gani ni ya hatari?"

Mzee wa boila alitazama viatu vyake. "Nyekundu."

"Sikusikia."

"Nyekundu, afande."

"Sauti ndogo hiyo, kwa mtu anayetegemewa na kwaya nzima."

"Kifua, afande. Moshi."

Inspekta aliizunguka boila. Valvu ya usalama, ile inayopaswa kufunguka yenyewe mvuke ukizidi, ilikuwa imebanwa kwa waya.

"Ilikuwa inavuja," mzee alisema kabla hajaulizwa. "Ile ya kwanza pia. Kipuri tumeagiza. Kinakuja." Alilitamka neno la mwisho kama mtu anayemzungumzia ndugu aliyekwenda safari akapotea.

Kila kitu chumbani kilikuwa na koti la masizi: mabomba, taa, fito za paa, hata picha ya Mwenyekiti. Geji peke yake ilikuwa safi. Inspekta aliiinamia, akainusa. Kioo kilikuwa kimefunguliwa na kurudishwa, skrubu zake zinang'aa mikwaruzo mipya, na kwenye ukingo wa ile nyekundu kulikuwa na unywele wa brashi umeganda. Chini ya unywele, pale ambapo rangi haikufika vizuri, palichungulia uzi mwembamba wa kijani.

Alitoka nje kupata hewa, Katibu nyuma yake. Kando ya mlango zilining'inia ndoo za mchanga za kuzimia moto.

"Ndoo zenu za moto ni za kijani," Inspekta alisema.

"Rangi nyekundu ilituishia."

Juu ya vichwa vyao, kutoka kona moja ya ukuta hadi nyingine, lilitandazwa bango jekundu la sikukuu, herufi zake kubwa kuliko mtu. Inspekta aliinua macho akalitazama. Katibu naye akalitazama. Kisha wote wawili wakatazama chini.

"Naomba nizunguke peke yangu, ndugu Katibu. Nina miguu mizito, nikitembea na mtu mwepesi naona haya."

Alizunguka. Pampu ya zimamoto ilikuwa ya kijani. Fuvu la onyo kwenye sanduku la umeme lilikuwa la kijani, limepakwa kwa uangalifu, likatoka kama fuvu la mtu aliyekula kitu kibaya. Kilichokuwa chekundu katika kiwanda kile ni bendera, mabango, mlango wa ofisi ya Chama, na nusu ya geji moja.

*

Karakana ya mabango ilikuwa nyuma ya ghala la pamba. Mchoraji wake, mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani, alikuwa amepiga magoti mbele ya kitambaa kirefu kilichotandazwa sakafuni. Kiwandani walimwita Mama Rangi. Kitambaa kilikuwa kimeandikwa KIFO KWA, na baada ya hapo hakikuwa na kitu.

"Pole kwa msiba, mama," Inspekta alisema. Fundi bomba aliyekufa alikuwa mume wake.

"Nimeshapoa."

Inspekta alikaa juu ya debe. Aligusa brashi iliyokuwa mkononi mwa yule mama. Ilikuwa imekauka, ngumu kama mswaki wa zamani.

"Limebaki neno moja tu."

"Linakuja."

"Kama kipuri."

Mama Rangi alimtazama kwa mara ya kwanza. Mdomo wake ulicheza kidogo, ukatulia.

"Mama, nani alikwambia uipake upya geji ya boila ya pili?"

"Geji gani?"

"Ile uliyoacha unywele wa brashi. Mabango yako hayana unywele hata mmoja, nimeyatazama njia nzima. Siku hiyo mkono ulikuwa unatetemeka."

Mwanamke aliweka brashi chini. Nje mashine moja ilijaribu kuwaka, ikakata tamaa.

"Walinifuata makaburini," alisema. "Watu bado wanatupia udongo, Katibu ananishika kiwiko. 'Mama, kazi ndogo tu.' Nikaenda na nguo ya msiba. Nilirudisha nyekundu juu na kijani chini, kama ilivyokuwa zamani. Na udongo wa kaburi la mume wangu bado uko kwenye kucha."

"Kama ilivyokuwa zamani. Kabla ya nini?"

"Kabla ya mjumbe kutoka makao makuu. Alipita hapa kukagua. Akasimama mbele ya lile fuvu la umeme, lilikuwa jekundu, akatabasamu. Tangu alipoondoka, Katibu hakulala. Wiki ile ile nikapewa rangi ya kijani na kuambiwa kila chenye hatari kitoke kwenye nyekundu. Rangi ya Chama haiwezi kuwa rangi ya hatari. Ndoo, pampu, fuvu. Mwisho tukafika kwenye geji. Nikauliza, ndugu Katibu, hapa pia? Akasema, hapa hasa. Salama iwe nyekundu, hatari iwe kijani."

"Na watu wakazoea."

"Mtu anazoea hata kutembea na msumari kwenye kiatu. Kila aliyekuwepo alijua."

"Mgeni hakuwepo. Nani alimwambia?"

"Mzee wa boila alidhani msimamizi kamwambia. Msimamizi alidhani mzee wa boila kamwambia. Mimi nilidhani mume wangu kamwambia, maana walikuwa wanakula pamoja. Na unamwambiaje mtu, afande? Useme, 'Ndugu, hapa kwetu nyekundu ndiyo salama'? Atauliza kwa nini. Ukimjibu kwa nini, lazima mmoja wenu atacheka. Na akicheka, na mtu akasikia..." Alikung'uta mikono. "Mume wangu alicheka siku moja nyumbani mpaka nikamziba mdomo kwa mto. Kuta zetu nyembamba. Sasa nalala na ule mto."

Inspekta alilisogeza debe karibu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema," Mama Rangi aliendelea. "Huyu alikuja, na sisi wenyeji wote tukamnyima neno moja. Na kesho nimwandikie bango."

"Utayasema haya mbele ya watu?"

"Una watoto, afande?"

"Ninao."

"Basi usiniulize kama unauliza saa."

*

Ofisi ya Katibu ilikuwa na meza, kabati la chuma na viti viwili. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, palikuwa na kipande cha kitambaa chekundu kilichopauka, kikubwa kama leso. Inspekta alikisogelea.

"Ni pindo la gauni," alisema.

"La msokotaji mmoja." Katibu alisimama kando yake. Sauti yake ilibadilika, ikapungua mwendo. "Enzi za mwenye kiwanda. Mashine ilikuwa imemla vidole mtoto wa kike, naye akafukuzwa kwa kuchafua uzi. Tukagoma. Hatukuwa na bendera, hatukujua hata bendera inatakiwa iweje. Dada mmoja akachana pindo la gauni lake, nikapanda nalo getini. Askari walikuwa chini wamelenga. Nilikuwa na miaka ya ujinga, ndugu Inspekta, sikuogopa kitu. Tangu siku ile kila nikiona nyekundu moyo ulikuwa unanyanyuka."

"Ulikuwa."

Katibu alirudi kwenye kiti chake. Inspekta alikaa bila kukaribishwa, na bila haraka.

"Mjumbe alikuagiza nini hasa?"

"Umeongea na Mama Rangi."

"Nimeongea na ndoo zako. Mama amenithibitishia."

Katibu alilegea kitini. Alifungua kifungo cha juu cha koti, kisha kingine. "Hakuniagiza kitu. Ingekuwa amri ningekuwa na pa kuegemea. Aliuliza tu. 'Ndugu Katibu, hili fuvu limepakwa rangi gani?' Nikamwambia nyekundu. Akasema, 'Naona,' akatabasamu. Basi. Kabla yangu palikuwa na Katibu mwingine hapa. Naye aliulizwa swali dogo, kuhusu wimbo. Nilihamia meza hii chai yake ikiwa bado haijapoa."

"Na geji ya boila iliyopasuka?"

Katibu alitazama kabati. Akainuka, akatafuta ufunguo, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti. Kioo kilikuwa kimepasuka na mshale umepinda, lakini rangi zilionekana wazi: nyekundu chini, kijani juu. Ilikuwa sawasawa na maelezo ya Mgeni.

"Kwa nini hukuitupa?"

"Nilikwenda nayo mtoni. Nikarudi nayo." Aliiweka mezani kwa mikono miwili. "Fundi bomba alikuwa chini yangu siku ile getini. Ndiye aliyenibeba mabegani nikafika juu. Nimemzika, na nimemtoa mke wake makaburini kwenda kupaka rangi. Sasa andika. Ukiandika haya, kesho nitakaa mimi pale alipotakiwa akae Mgeni."

"Najua. Ndiyo maana sijaandika." Inspekta aliigeuza geji mkononi. "Nikibadilisha shingo, kamba inabaki ileile. Halafu kiwanda kingine, katibu mwingine ataulizwa swali lingine dogo. Saa kumi Mkuu wangu atakuwa hapa. Nataka umkusanye kila mtu kwenye boila ya pili, na niulize swali moja."

"Swali gani?"

"Lile ambalo Mgeni hakuwa na wa kumuuliza."

Katibu alitikisa kichwa, si kwa ubishi. "Hawatasema. Nawajua hawa. Nimewafundisha mimi."

*

Saa kumi watu walijaa kutoka chumba cha boila hadi uwanjani: wasokotaji wenye nyuzi nyweleni, wafumaji, wabeba pamba, wapishi wa kantini. Mkuu alisimama kwenye kivuli, viatu vyake mbali na masizi. Inspekta aliweka geji iliyopasuka juu ya pipa, pale kila mmoja alipoweza kuiona.

"Mzee," alimwambia mzee wa boila, "tukiwasha sasa, utapunguza moto mshale ukifika wapi?"

"Afande, bora uniambie niimbe."

Wachache walicheka. Kicheko kilikufa haraka, kama mtu aliyekanyaga maji kwa bahati mbaya.

"Basi nitauliza wote. Siku ya mlipuko geji hii ndiyo ilikuwa ukutani. Siku hiyo, katika chumba hiki, rangi gani ilikuwa ya hatari?"

Mtu alikohoa. Watu walitazama pipa, walitazama paa, walitazama mgongo wa Katibu. Mkuu alifunua mkono wa shati lake akaangalia saa.

"Taratibu, huu ni mchezo gani?"

"Ni swali, Mkuu. Jibu lake ni neno moja. Kuna mtu kesho anakufa kwa kutolijua."

Inspekta hakurudia swali. Alikuwa na kipaji kimoja kazini, cha kuweza kusimama bila kusema.

"Kijani."

Mama Rangi alikuwa amekaa sakafuni, nyuma ya wabeba pamba. Walimpisha. Alijisukuma kwa mikono mpaka akasimama.

"Kijani ndiyo ilikuwa hatari. Niliipaka mimi, na imeniulia mume. Huyo mtu wa sukari alisoma geji kama anavyosoma mtu yeyote mwenye akili. Sisi ndio tulikuwa tunasoma kinyume."

Mkuu alifungua mdomo. Kabla hajasema, mzee wa boila aliegemeza koleo ukutani, akasema "Kijani," na safari hii kwa sauti ile iliyofanya kwaya imwazime kutoka kazini. Vyuma viliitika.

"Kijani," alisema msokotaji mmoja.

"Kijani, na hatukumwambia."

"Kijani, afande."

Walikuwa watu waliozoea kuitikia kaulimbiu kwa pamoja, mkono juu, sauti moja. Hii haikuwa hivyo. Kila mmoja alisema kwa sauti yake na kwa wakati wake, wengine wakikosana, wengine wakirudia, mwanamke mmoja akilia huku anasema, mpishi wa kantini akisema kwa hasira kana kwamba amedhulumiwa mboga. Ilichukua muda kwisha. Ilipokwisha, walitazamana kama watu walioshuka pamoja kutoka kwenye gari lililoponea chupuchupu.

Katibu alikuwa wa mwisho. Aligeuka akawakabili.

"Kijani," alisema. "Niliagiza mimi. Sikuagizwa na mtu. Niliogopa."

Mkuu alimvuta Inspekta kando, karibu na ukuta uliobomoka.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimepata mashahidi, Mkuu."

"Umepata kiwanda kizima! Shahidi mmoja namweka ndani. Hawa niwaweke wapi?" Aliminya midomo, akatazama kupitia pengo mitambo iliyolala kimya, na majora ya kitambaa chekundu yaliyokwama nusu ya njia. "Bendera za sikukuu zinafumwa kiwanda gani?"

"Hiki."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

Mkuu alirudi kwa mzee wa boila. "Hii itawaka lini?"

"Kutoa waya kwenye valvu na kuisafisha, asubuhi itakuwa tayari, mkuu," alijibu mzee. "Nikishaambiwa rangi ni ipi. Sitaki kubahatisha tena."

Mkuu hakumwambia rangi. Alichukua jalada kwapani mwa Inspekta, akalitazama lile neno moja, akalirudisha.

"Andika chochote kinachowasha boila," alisema chini kwa chini.

Inspekta alilikata HUJUMA. Juu yake, kwa mwandiko wa polepole, aliandika AJALI.

"Neno hilo hatulitumii."

"Kalamu imelikubali, Mkuu."

Mkuu aliweka sahihi haraka kama mtu anayeshika sufuria la moto. Kabla hajapanda gari alimwamuru Katibu akabidhi funguo za ofisi. Pingu hazikutajwa.

*

Jioni ile Mgeni alitolewa. Dada yake alimvika shati palepale ukumbini. Mikono ya shati haikupita kwenye bendeji, kwa hiyo aliuma mshono kwa meno, akaufumua mpaka kwapani, huku akimlaumu kwa kukonda na kumwambia nyuzi si tatizo, nyuzi anazo.

"Aliyenitetea ni nani?" Mgeni alimuuliza Inspekta.

"Mjane wa rafiki yako. Nenda kamsalimie."

Asubuhi Inspekta alirudi kiwandani kuchukua geji iliyopasuka. Boila ya pili ilikuwa inanguruma. Alipofika mlangoni alisimama.

Ndoo za mchanga zilikuwa nyekundu. Pampu ilikuwa nyekundu. Fuvu la umeme lilikuwa limepata rangi yake ya zamani na kuonekana kama fuvu linalomaanisha linachosema. Chini ya ndoo kulikuwa kumetandazwa kitambaa cha kuzuia rangi isimwagike sakafuni, na kati ya madoa bado yalisomeka maneno KIFO KWA. Inspekta alikikunja kitambaa, maandishi kwa ndani, akakiweka pembeni.

Simu ya msimamizi ililia, na msimamizi akampa mkonga kwa ncha za vidole. Ilikuwa sauti ya Mkuu.

"Nimepata habari huko kuna rangi imebadilishwa. Nani katoa amri?"

Inspekta alitazama. Mama Rangi alikuwa anafuta brashi. Mzee wa boila alikuwa na doa jekundu kwenye sharubu. Kwenye mashine ya kusokota iliyo karibu na dirisha, Katibu wa jana, bila koti, alikuwa anaunga uzi, na kile kidole chake kifupi kilikuwa chekundu hadi kwenye kiungo. Mgeni alisimama mbele ya geji na mikono yake ya bendeji, anaelekezwa kitu na watu wanne kwa wakati mmoja.

"Hakuna aliyetoa amri, Mkuu."

"Haiwezekani. Basi nani kapaka?"

"Bado sina mshukiwa," Inspekta alisema, akivuta debe akae. "Nitachunguza. Lakini unanijua, Mkuu. Mimi ni mtu wa taratibu."